Sahani Mbili na Makopo ya Binti Yake

Watu wa mtaa walimwita Sahani Mbili, na jina lenyewe alijitakia. Alipofungua karakana yake ya makochi, bado kijana, aliingia kwenye mgahawa uliokuwa ng'ambo ya barabara, akavuta kiti, na kabla mwenye mgahawa hajamkaribisha akasema, "Dada, mimi usinipimie. Leta sahani mbili kwanza, habari tutaulizana baadaye." Wateja wakaangua kicheko, na jina likaganda. Hata binti yake alikua akijua kwamba mtu akiulizia kwa Sahani Mbili, anaulizia kwao.

Hakuwa mnene. Chakula chote kilipotelea mabegani na mikononi, maana kazi yake ilikuwa ya kuvuta na kukaza. Kochi likiletwa limekatika mgongo, alilipindua miguu juu, akang'oa pini za zamani, akalivua kitambaa, kisha akafunga upya springi na mikanda ya mpira mpaka ukiigonga kwa kidole inalia kama ngoma. Misumari midogo aliibana midomoni, kwa hiyo mteja akimuuliza jambo wakati huo alijibiwa kwa nyusi. Mkewe alikaa kwenye cherehani karibu na dirisha, akishona vitambaa vya kuyavalisha makochi. Waliweza kushinda kutwa nzima hawajasemezana, si kwa ugomvi, ni kazi tu. Saa ya chakula ndiyo mume alifunguka, akaanza hadithi zake.

Ugonjwa ulikuja kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Kwanza kiungulia. Akanunua vidonge vya kutafuna, akavitafuna kama karanga. Halafu akaanza kushiba upesi. Mwenye mgahawa ndiye aliyeshtuka wa kwanza, akasimama mbele ya sahani iliyoachwa nusu, mikono kiunoni.

"Fundi, chakula changu kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea, dada. Uzee tu huu."

Suruali ikaanza kumpwaya. Mkewe akamtobolea mkanda tundu jingine, na baadaye jingine. Ilipofika zamu ya kutoboa la tatu, aliweka chini mkasi, akamwambia avae viatu waende hospitali.

Walimpitishia mpira mwembamba wenye kamera kooni, wakanyofoa kipande kidogo cha nyama kwenda kukipima. Ilikuwa saratani ya mfuko wa tumbo. Daktari mpasuaji, mtu mpole ambaye hakujua kuzungusha maneno, aliwaambia kwamba mfuko wote ungeondolewa, na njia ya chakula kutoka kooni ingeunganishwa moja kwa moja na utumbo.

"Sasa mtu anaishije bila mfuko wa tumbo?" mke aliuliza.

"Anaishi, mama. Ila anajifunza kula upya, kama mtoto. Kidogo kidogo, mara nyingi."

Mume alikuwa anakitazama kiti cha daktari, ambacho sponji yake ilikuwa imechungulia pembeni.

Upasuaji ulikwenda salama. Alipopata nguvu ya kuongea alimwambia mkewe, "Nimekuwa kochi lililotolewa springi. Kitambaa kipo, ila ukikaa unazama." Alitegemea mkewe acheke. Mkewe alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba, na hakusikia. Tangu siku ya kulazwa alikuwa akilala kwenye benchi la wodi, na uchovu ulikuwa umemwingia mpaka kwenye kucha.

Waliporudi nyumbani, kila aliyewapenda alikuja na chupa au kopo. Binti yao, aliyeolewa mji wa mbali na kuajiriwa kwenye duka la dawa, alituma katoni ya makopo ya unga wa lishe, ule mtamu wenye harufu ya vanila, pamoja na ujumbe wa sauti: "Mama, hii ndiyo wanayotumia wagonjwa wote. Glasi kubwa, mara tatu. Baba asiache." Dada wa mume akaleta chupa nyeusi ya dawa ya kuongeza damu, akaapa kwamba jirani yake aliyekuwa hajiwezi kitandani aliinywa na sasa anabeba ndoo. Jirani wa mlango wa pili akaleta asali. Rafu ya jikoni ikajaa hadi sufuria zikahamia sakafuni.

Mke akapanga zamu. Asubuhi glasi ya vanila, mchana glasi ya vanila, jioni glasi ya vanila, na kijiko cha chupa nyeusi katikati. Alikuwa mtu wa kazi safi. Alikoroga mpaka povu likapanda, akasimama mbele ya mumewe mpaka glasi ikaonekana kitako. Yeye mwenyewe alikula akiwa amesimama, kilichobaki kwenye sufuria, au alisahau kula kabisa.

Na hapo ndipo taabu ilipoanza, taabu ambayo Sahani Mbili hakumwambia mtu.

Kila alipomaliza ile glasi, haikupita muda mrefu moyo ulianza kumwenda mbio kama anafukuzwa. Jasho lilimtoka shingoni, mikono ikatetemeka, tumbo likanguruma, na alilazimika kukimbilia chooni akishika ukuta. Baada ya hapo alilala chali, hoi, akiitazama dari, na wazo moja tu kichwani: imerudi. Walisema wameitoa yote, lakini imerudi. Aliona kwamba akisema, mkewe atarudi kwenye lile benchi la wodi. Akanyamaza. Mkewe akimkuta amelala alimfunika shuka, akidhani mgonjwa anapumzika.

Alipopata nguvu ya kutembea, aliomba awe anashinda karakana, hata kama ni kukaa tu na kunusa gundi. Mkewe akakubali kwa sharti: glasi ya mchana ataibeba kwenye chupa ya chai. Yeye mwenyewe alibaki nyumbani kufua na kupika, akifika karakana mara chache kushona. Mume akaona njia imefunguka. Pale kwenye safu ya karakana kulikuwa na mlinzi, mzee mkavu kama ufito, aliyekuwa akikohoa kila upepo ukivuma. Siku ya kwanza Sahani Mbili alimmiminia kikombe kwa heshima, kama mtu anayegawana chai. Siku ya pili akampa chupa nzima. Baada ya hapo mlinzi alikuwa akijileta mwenyewe na kikombe chake, amekiosha.

Glasi ya asubuhi na ya jioni nazo zikapata pa kwenda. Sinki lilikuwa karibu, na siku hizi mkewe, kwa uchovu, aligeukia jiko kabla glasi haijaisha, wala hakuwa na macho mgongoni.

Siku ya kliniki ilipofika, muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akatazama, akamshusha, akampandisha tena. Daktari alisoma namba akaweka kalamu chini. Alisema uzito umeporomoka, na kwamba mambo yakiendelea hivi watamlaza tena wamlishe kwa mpira wa puani.

"Anakunywa lishe, daktari," mke alisema, sauti yake ikipanda. "Namkorogea mimi mwenyewe. Glasi tatu kila siku, hakosi. Mimi nakosea wapi?"

Mume aliangalia viatu vyake.

Daktari aliandika waende kumwona mtaalamu wa lishe kesho yake. Wakatoka. Njiani mume alikuwa anautafuta mwanzo wa maneno haupati. Walipita karakana kuchukua kitambaa cha mteja. Mlinzi alikuwa amekaa getini, mashavu yameng'aa, shati limeanza kumbana tumboni. Alipowaona aliinuka kwa wepisi ambao hakuwa nao zamani.

"Shemeji! Karibu sana. Nilikuwa nakutafuta nikushukuru. Ule uji wako wa kopo, aisee, umenirudisha ujanani. Hata kikohozi kimehama. Mungu akuzidishie mkono huo huo."

Mke alisimama. Akamtazama mlinzi toka utosini hadi viatuni, halafu akamtazama mumewe, ambaye kola ya shati ilikuwa imemzunguka shingo kama tairi la baiskeli.

"Asante, kaka," alimwambia mlinzi taratibu. "Nashukuru umeupenda."

Aliingia ndani, akakaa juu ya kochi ambalo halijavalishwa, sponji tupu. Mume akabaki mlangoni. Alingoja kelele. Kelele angeziweza. Lakini mkewe alikaa tu, mikono mapajani, viganja juu, kama mtu aliyebeba mzigo na hajui autue wapi.

"Ungeniambia tu hutaki," alisema mwishowe. "Mimi naamka kabla ya jua, nakoroga, nachuja yale madonge, nasimama hapo kama askari. Miguu imenivimba. Cherehani sijui mara ya mwisho nimeikalia lini vizuri. Na wewe unamnenepesha mlinzi."

"Mama, nisikilize."

"Nimechoka, mume wangu. Sina hasira. Nimechoka tu."

Ndipo alipokaa kando yake, na maneno yakamtoka bila mpangilio. Moyo kwenda mbio. Jasho. Kutetemeka. Kwamba kila akiona ile glasi anaona kifo kimekorogwa humo. Kwamba anaamini ugonjwa umerudi na alitaka apate muda kidogo wa kukaa karakana kabla hawajamfungia tena wodini.

"Tangu lini?"

"Tangu kopo la kwanza."

Mkewe alifumba macho. "Na umekaa nalo peke yako."

"Wewe ulikuwa umechoka."

"Ndiyo nilikuwa nimechoka. Sikuwa nimekufa."

Walikaa hapo bila kuwasha taa, ingawa wingu lilikuwa limefunga na ndani kumekuwa giza mchana. Hatimaye mke aliinuka, akachukua kitambaa cha mteja, wakaenda nyumbani. Jioni ile hakukoroga kitu. Alichemsha yai, akalikata vipande vidogo, akaweka chumvi, akamwekea mezani akaondoka zake kwenda kulala. Mume alilila lote, polepole, na halikumdhuru.

Ofisi ya mtaalamu wa lishe ilikuwa mwisho wa korido, karibu na mahali wanapoanika mashuka. Kwenye benchi la kusubiri walikuta wagonjwa wengine wawili waliofanyiwa upasuaji kama wake. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu mwenye chupa ya barafu mkononi. "Mimi lishe bila kuganda hainipiti," aliwaambia bila kuulizwa. "Iwe baridi ya kuuma meno. Ikipoteza ubaridi kidogo tu, naisikia harufu ya dawa." Mwingine, mama mwenye kitenge kichwani, alitikisa kichwa. Yeye alitaka vidonge. "Kidonge unameza, yamekwisha. Hivi vya kunywa vinanifanya nijione mtoto mchanga." Mwalimu akamwambia vidonge havishibishi. Mama akajibu kwamba yeye hajasema vinashibisha, amesema anavipenda. Sahani Mbili alisikiliza kwa mshangao. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kupenda kitu.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, sauti imekwaruza kwa kuongea siku nzima, sweta limetoboka kiwiko. Hakuanza na mizani. Aliwakaribisha viti, akamgeukia mume.

"Baba, kabla hatujaenda mbali. Wewe mwenyewe unapenda nini?"

Akamtazama mkewe, kana kwamba jibu liko kwake.

"Nakuuliza wewe," mtaalamu alirudia. "Kitamu au cha chumvi? Cha moto au cha baridi? Kunywa, au kuchanganya kwenye chakula? Glasi kubwa au kikombe kidogo? Kila mgonjwa hapa namuuliza. Lishe nzuri ni ile inayoingia mwilini, siyo inayokaa rafuni."

"Wala inayoingia kwa mlinzi," mke alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana sauti yake ilikuwa na chembe ya kicheko. Ikabidi aeleze. Mtaalamu alicheka mpaka akakohoa, halafu akawa makini, akamtaka mume aeleze dalili zote tangu mwanzo.

"Dalili hizo hazina maana kwamba ugonjwa umerudi," alisema baada ya kusikiliza. "Nisikie vizuri. Habari ya saratani utaambiwa na daktari kwa vipimo, mimi siwezi kuapa. Lakini hili la jasho na moyo, nalijua. Zamani mfuko wa tumbo ulikuwa unakipokea chakula, unakishikilia, unakiachia kidogo kidogo. Sasa haupo. Ukimimina glasi kubwa yenye sukari nyingi, yote inaporomoka kwenye utumbo kwa mkupuo. Utumbo unashtuka, unavuta maji kutoka mwilini, na wewe unabaki unatetemeka. Si wewe peke yako. Huyo mwalimu hapo nje yalimpata hayohayo."

Sahani Mbili aliuma midomo. Machozi yalimjaa, akajifanya anakuna pua.

"Kwa hiyo sikuwa nadeka?"

"Hukuwa unadeka, baba. Ulitakiwa useme, lakini na sisi tulitakiwa tuulize."

"Na mimi nilikuwa namwekea asali juu yake," mke alinong'ona. "Ili anenepe haraka."

Mtaalamu hakumlaumu. Alimwambia kwamba karibu kila nyumba inafanya hivyo, kwa mapenzi. Akamtaka mume ajibu sasa yale maswali. Majibu yalitoka polepole, kama mtu anayejaribu lugha aliyowahi kuijua. Utamu hautaki. Hajawahi kuupenda hata alipokuwa mzima, chai yake hunywa bila sukari. Chumvi anaitaka. Cha vuguvugu. Glasi kubwa inamtisha. Akiiona tu koo linajifunga. Vidonge vinamkwama. Sindano je? Sindano haina neno, inauma na kwisha.

Kwa sindano alikuwa na bahati, mtaalamu akamwambia, maana kuna vitamini moja ya damu ambayo mtu asiye na mfuko wa tumbo haipati vizuri kwenye chakula, na angeendelea kuchomwa maisha yake yote. Chupa nyeusi ya wifi isingeziba pengo hilo. Kwa yaliyobaki, alimpa mfuko wa unga wa lishe usio na utamu wala harufu, wa kuchanganya kwenye supu. Kikombe kidogo kama cha kahawa, siyo glasi. Anywe kwa mafundo madogo, mbali na mlo, na akisikia moyo unaanza, aache apumzike.

"Na wewe, mama," alisema wakati wanainuka, "unalala?"

Mke alifungua mdomo aseme ndiyo, akaufunga.

Haikuwa hadithi ya muujiza. Siku ya kwanza supu ilikuwa ya moto mno, unga ukafanya madonge kama gundi iliyokaukia kwenye kopo, mume akatapika. Mke akarudia, akaingoja supu ipoe kidogo, akakoroga unga pembeni kwanza. Ikapita. Siku nyingine haikupita, bila sababu. Kulikuwa na wiki alizotaka supu ya kuku tu, kisha ghafla harufu ya kuku ikamchefua na akahamia kwenye viazi vilivyopondwa. Mkewe alikuwa akifungua mlango wa jikoni na kuuliza, "Leo unataka nini?" na kuna siku jibu lilikuwa, "Sitaki kitu," naye akawa anajifunza kutosimama mlangoni akisubiri jibu jingine.

Binti alichukia. Alipiga simu, akalalamika kwamba makopo yake ni mazuri, yameandikwa hivyo hivyo kwenye katoni. Baba yake alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mwanangu, makopo yako ni mazuri. Mimi ndiye si mzuri kwa makopo. Ukitaka kunisaidia, njoo umwangalie mama yako alale."

Binti akaja, na kwa siku alizokaa alipika yeye. Mama alilala mchana mzima mlango umefungwa, akaamka mashavu yana mikunjo ya mto, akauliza ni saa ngapi, akalala tena. Wifi mtu naye alinuna kwa ajili ya chupa yake nyeusi, na hakukanyaga hapo muda mrefu. Aliporudi, hakuna aliyemkumbusha, naye hakuuliza.

Kliniki iliyofuata uzito haukupanda. Ila haukushuka. Daktari alisema vipimo havionyeshi kitu kibaya kwa sasa, na mume akamwomba arudie hilo neno "kwa sasa" polepole, ili alielewe. Daktari akalirudia. Habari ya mpira wa puani haikutajwa. Muuguzi alimchoma sindano yake, naye alivuta pumzi kwa meno, akashukuru.

Karakana alirudi kufanya kazi kwa kukaa. Kuvuta mikanda hakuweza tena, kwa hiyo alimwajiri fundi mwenzake wa zamani aliyekuwa hana kazi, akawa anamwelekeza huku yeye akipiga pini na kukata sponji. Mchana, wengine walipovuka barabara kwenda kula, yeye alibaki na kikombe chake. Mwanzoni mwenye mgahawa alikuwa akimpungia mkono kwa huruma, jambo lililomuudhi. Baadaye alianza kumtumia supu nyepesi kwenye bakuli dogo, bila maneno, na hilo hakulikataa.

Alichoka upesi. Kufikia alasiri mikono ilikuwa imekuwa mizito, na alijilaza kwenye kochi lolote lililokuwa tayari, la mteja yeyote, akijiambia kwamba anapima springi. Mkewe, kwenye cherehani karibu na dirisha, alipunguza mwendo wa mguu ili mashine isipige kelele. Siku moja aligeuka akamkuta mumewe hajalala, anamtazama.

"Vipi? Moyo?"

"Hapana. Njaa."

"Njaa kabisa?"

"Kidogo. Kama inakuja."

Mke aliinuka aende kuwasha jiko. Mume akamshika nguo.

"Kaa kwanza. Haina haraka. Tuone kama inakuja kweli."

Akakaa pembeni yake, na wote wawili wakangoja.